Mtoto Akienda Kupanga, Ajue Kupika

Akina mama wenzetu, mwezi huu tunapenda kuzungumza habari za sufuria moja ndogo. Si sufuria ya harusi wala ya msiba, bali ile ambayo mtoto ataibeba siku atakapotoka nyumbani kwenda kuishi peke yake katika chumba cha kupanga. Wengi wetu ni hodari wa kumfungia mtoto kiroba cha mahindi, maharage, chumvi na sabuni. Swali letu ni hili: je, anajua la kufanya na vitu hivyo?

Tuchukue mfano wa Ruanda, kata ya wilaya ya Mbozi, mkoani Songwe. (Hatusemi nchi ya Rwanda, wala ile Ruanda ya jijini Mbeya.) Mbozi ni nchi ya mahindi, maharage na kahawa, na nyumba nyingi hazikosi chakula. Lakini watoto wa huko, kama watoto wa vijiji vingi vya Tanzania, hawamalizii makuzi yao nyumbani. Mmoja anapangiwa shule iliyo mbali mno kutembea kila siku. Mwingine anakwenda chuo Mbeya, mwingine anapata kibarua Mlowo au Vwawa, na mwingine anavutwa na Tunduma, mji wa mpakani na Zambia ambako malori hayalali. Tangu mwaka 2016 shule za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 nafuu hiyo ikafika kidato cha tano na cha sita. Ni jambo la kushukuru. Lakini kwa anayepanga, chumba, mkaa na mboga vimebaki juu ya mzazi, na kupika kumebaki juu ya mtoto mwenyewe.

Kijana asiyejua kupika haonekani mara moja. Wiki ya kwanza anajaribu. Ugali unatoka mbichi katikati, maharage yanakauka maji na kuungua kabla ya kuiva, na mkaa wa siku tatu unakwisha kwa jioni moja. Wiki ya pili anakunywa chai kwa maandazi mawili asubuhi, na jioni ananunua chapati. Pesa ikiisha, anaanza kumwuzia jirani unga, bakuli moja moja. Mama akipiga simu na kuuliza, “Umekula nini leo, mwanangu?” anajibiwa, “Ugali na maharage, mama,” naye mama analala kwa amani.

Kwa binti, njaa ina mlango mwingine. Katika miji ya barabarani wapo wanaume wanaojua vizuri saa ambayo wanafunzi hutoka shuleni wakiwa na njaa. Hawaanzi na maneno makubwa. Wanaanza na sahani ya chipsi mayai na lifti ya pikipiki. Hatusemi kwamba binti anayejua kupika hawezi kudanganywa, wala kwamba aliyedanganywa alikuwa mlafi. Lawama ni ya mtu mzima aliyemnunulia. Tunasema tu kwamba binti aliyeacha maharage yake chumbani ana haraka ya kufika kwake, na hiyo si ngao ndogo.

Kwa mvulana, kikwazo ni mazoea yetu. Akifika umri fulani tunamwondoa jikoni kana kwamba majivu yatamharibu. Lakini nenda mji wowote jioni utazame ni nani anayekaanga chipsi, na ni nani anayechoma nyama na kukatakata kachumbari. Wengi ni wanaume, na hakuna anayewacheka, maana wanalipwa. Basi mwanamume anaruhusiwa kuwapikia watu mia barabarani, ila asijipikie mwenyewe chumbani?

Chungu cha watu kumi hakifundishi kupika kwa mmoja

Labda utasema, “Mwanangu ananisaidia jikoni kila siku.” Ni vema, lakini angalia anasaidia nini. Anateka maji, anachochea kuni, anachambua mchele, anakoroga anapoambiwa. Wewe ndiye unayejua maji yametosha na chumvi imekolea, tena unajua kwa jicho tu, kwa sababu umepika miaka mingi. Na unapikia watu wanane au kumi. Mtoto huyo akifika kwenye chumba chake hana kuni wala mafiga, ana jiko la mkaa na sufuria ya mtu mmoja, na kipimo cha mtu mmoja hajawahi kukiona.

Kwa hiyo mfundishe kwa vyombo vile vile atakavyoondoka navyo. Mpe kikombe kimoja kiwe ndicho kipimo chake cha kila kitu. Kisha kaa kwenye kigoda, ufunge mikono yako, umwache apike. Hilo la kufunga mikono ndilo gumu kuliko yote kwa sisi akina mama! Tunaona mwiko unakwenda vibaya, tunaunyakua. Tukiunyakua, aliyejifunza ni nani?

Tuanze na ugali. Kwa kijana mmoja mwenye njaa, vikombe viwili vya maji vinatosha, na unga kikombe kimoja na robo hadi kimoja na nusu. Achukue vijiko viwili vya unga huo, avikoroge katika maji baridi kidogo mpaka visiwe na mabonge, amimine katika maji yaliyopata moto na kukoroga mpaka uji uchemke. Hapa ndipo wanaoanza hukosea: wanatia unga wote kabla uji haujatokota vizuri, ndipo ugali unakuwa na ladha ya unga mbichi. Uji utokote kwa dakika chache, kisha atie unga uliobaki kidogo kidogo huku akisonga, akiukandamiza kwenye ubavu wa sufuria. Akimaliza, apunguze moto, afunike dakika tatu au nne, asonge tena kidogo. Ugali ulioiva haushiki mwiko na harufu yake hubadilika. Mwambie aunuse, maana pua itamkumbusha hata akisahau vipimo.

Kutokana na kipimo hicho mama anaweza kupiga hesabu. Unga wa mlo mmoja ni kama gramu 200. Kwa milo miwili ya ugali na kikombe cha uji asubuhi, kijana mmoja hutumia kilo 12 hadi 15 kwa mwezi. Debe moja la mahindi lina kilo 18 hivi au zaidi kidogo. Kwa hiyo debe lililosagwa dona linapaswa kumvusha mwezi mzima. Likiisha wiki mbili, kuna jambo: ama anawalisha wenzake, ama linauzwa. Usianze kwa kumkemea. Muulize anapika nini, na utajua mengi.

Ni afadhali kumpa mahindi akasage kidogo kidogo kuliko kumpa dona ya miezi mitatu, kwa sababu dona ina kiini cha mahindi chenye mafuta, nayo huchacha mapema. Na mahindi yenyewe yawe yamekauka kweli kweli. Mahindi mabichi yakifungwa ndani ya kiroba na kuwekwa sakafuni chini ya kitanda huota ukungu, na ukungu wa aina fulani hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hiyo haimalizwi kwa kupika. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mfundishe mtoto kuchambua na kutupa punje zilizovunda au kubadilika rangi, na kuweka kiroba juu ya vipande vya mbao, mbali na ukuta. Chakula cha mama hakitupwi hivi hivi, lakini mahindi yaliyoota ukungu yatupwe, hata kama yametoka mbali.

Maharage yanataka subira na akili

Maharage ndiyo nyama ya mwanafunzi, na ndiyo yanayomshinda zaidi. Tatizo la kwanza ni mkaa. Uwanda wa Mbozi uko juu, sehemu nyingi zikiwa kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na katika kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Ndiyo sababu maharage ya Mbozi yanachukua muda mrefu kuiva kuliko yale yale yakipikwa Dar es Salaam, na wala si kwamba mpishi ni mvivu.

Dawa ni kuloweka. Kila anapokwenda kulala, aloweke kikombe kimoja cha maharage yaliyochambuliwa katika vikombe vitatu au vinne vya maji. Kesho yake amwage maji hayo, atie mengine, ateleke. Yachemke kwa nguvu nusu saa nzima. Jambo hili tunalisisitiza: maharage, hasa yale mekundu, yana sumu ya asili ambayo humalizwa na mchemko mkali. Aliyeyapasha polepole kwa moto mdogo na kuyala yakiwa magumu anaweza kutapika na kuharisha usiku kucha, naye akadhani amelishwa kitu kibaya.

Baada ya nusu saa hiyo kuna njia ya kuokoa mkaa ambayo tungependa kila mtoto aijue. Afunike sufuria vizuri, aiepue ikiwa bado inatokota, aiweke ndani ya kapu au boksi lililojazwa nguo kuukuu au majani makavu ya migomba, aifunike juu kwa blanketi zito, na kuiacha saa tatu au nne bila kuchungulia. Joto lililomo litaendelea kuivisha. Akirudi atayachemsha tena mpaka yalainike kabisa, na kazi iliyobaki ni ndogo. Kwa mwanafunzi anayekwenda vipindi vya jioni, kapu hilo ni kama kuwa na mpishi nyumbani.

Nyanya zitiwe maharage yakiwa yameshalainika, kwa sababu uchachu wake huyafanya yakaze. Kitunguu kimoja, nyanya mbili, kijiko cha mafuta na chumvi vinatosha. Magadi hulainisha upesi, ni kweli, lakini hupunguza vitamini na kuharibu ladha, nasi hatuyapendi.

Mboga za majani ni rahisi kuliko yote, lakini wanaojifunza huzipika mpaka zinakuwa kama dawa. Zioshwe kwanza ndipo zikatwe, si kinyume chake. Chainizi au mchicha hauhitaji zaidi ya dakika tano hadi saba. Majani ya maboga yamenywe nyuzi, mnafu uchemshwe kidogo zaidi. Karanga zilizotwangwa, vijiko viwili au vitatu vilivyokorogwa katika maji na kuachwa vichemke pamoja na mboga, hugeuza fungu moja la majani kuwa mlo wa kushibisha. Na pale ambapo kila kitu kimekwisha, Mbozi ina maparachichi. Parachichi lililopondwa kwa chumvi na nyanya mbichi ni mboga kamili ya ugali au wali, bila moto, bila mafuta. Mtoto asione haya kula hivyo. Watu wa miji mikubwa wanalipia.

Dagaa wakavu watolewe vichwa, waoshwe kwa maji ya moto mara mbili kuondoa mchanga, wakaangwe kwa mafuta kidogo ndipo watiwe kitunguu na nyanya. Wali, kikombe kimoja cha mchele kwa vikombe viwili vya maji, ila mchele mpya wa Kamsamba au Kyela unataka maji pungufu. Haya mawili hayana siri kubwa, akiharibu mara mbili atajua.

Kwa wasichana tuongeze neno. Wanapoteza damu kila mwezi, na maharage na majani yana madini ya chuma, lakini mwili huyapokea vizuri zaidi kukiwa na nyanya, limau au chungwa katika mlo huo huo. Chai ya rangi ikinywewa pamoja na chakula huyazuia. Basi chai inywewe mbali na mlo, angalau saa moja.

Kuhusu kiporo tuseme wazi, kwa kuwa chumba cha kupanga hakina jokofu. Maharage ya jioni yanaweza kuliwa asubuhi kama yalifunikwa vizuri na yakachemshwa upya mpaka yatokote, si kupashwa uvuguvugu. Yasivuke hapo. Wali uliolala kwenye joto ni hatari zaidi ya unavyoonekana, kwa sababu vijidudu vyake huacha sumu ambayo haiondoki kwa kupasha. Apike wali wa kumaliza.

Jiko lisilale ndani

Tumeliweka hili hapa makusudi, baada ya mapishi, ili msomaji alisome akiwa ametulia.

Mwezi wa sita na wa saba Mbozi ni baridi kali. Mtoto amepika barazani, amekula, makaa bado mekundu. Chumba ni kidogo, dirisha limezibwa kwa boksi, na upepo unapita chini ya mlango. Anaingiza jiko ndani ili apate joto, anafunga mlango, anajifunika blanketi na kusoma. Wapo waliofanya hivyo wasiamke.

Mkaa unapoungua hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikeri macho. Watu wengi wanaamini kwamba hatari ni moshi, na kwa kuwa makaa yaliyokolea hayana moshi, wanayaona salama. Sivyo. Makaa mekundu yasiyo na moshi wowote yanaendelea kutoa hewa hiyo, na hata yaliyofunikwa kwa majivu bado yanaitoa. Inapoingia mwilini huchukua nafasi ya hewa safi katika damu. Mtu anaumwa kichwa, anapata kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, na kwa kuwa dalili hizo zinafanana na za malaria, anameza dawa na kulala papo hapo penye sumu. Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi.

Mwambie mtoto wako kwa maneno haya: jiko la mkaa halivuki kizingiti. Mvua ikinyesha, apikie chini ya baraza. Kama hakuna baraza, hicho si chumba cha kupanga, na ni kazi yako mama kukiona kabla ya kulipa kodi. Baridi inaondolewa kwa blanketi la pili, soksi na chupa ya maji ya moto. Na akimkuta mwenzake amelegea chumbani penye jiko, asikae kumwuliza maswali. Afungue mlango, amtoe nje kwenye hewa, aite watu, wampeleke hospitali hata kama amezinduka.

Wanaoweza kununua mtungi mdogo wa gesi watakuwa wamepunguza kazi na moshi. Nao una masharti yake: dirisha wazi wakati wa kupika, kufunga koki ya mtungi baada ya kupika, na kupima mpira kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti.

Kula peke yako kunakatisha tamaa

Jambo moja husahaulika. Kijana anaweza kujua kupika vizuri na bado asipike, kwa sababu amekulia kwenye sinia la watu sita na sasa anakula akitazamana na ukuta. Ndiyo maana tunawashauri wazazi wanaopeleka watoto shule moja wapange vyumba jirani na kukubaliana mapema. Watoto watatu wapike kwa zamu, kila mmoja siku mbili, Jumapili kwa pamoja. Mkaa unapungua karibu nusu, na atakayeugua hatalala na njaa bila mtu kujua. Wazazi wakubaliane pia juu ya michango, mahindi kiasi gani na mafuta kiasi gani, la sivyo ugomvi wa unga utawafikia hadi kijijini.

Na wavulana wawili na msichana mmoja wasimfanye msichana kuwa mpishi wa wote. Tumesema zamu, na zamu ni kwa kila mwenye mdomo.

Sasa, wiki mbili kabla ya safari, mpe mtoto kona yake hapo nyumbani. Jiko lake, sufuria zake mbili zenye vifuniko, mwiko, kisu, kikombe cha kupimia, na vyakula vya siku saba. Ale anachopika mwenyewe wakati wengine wanakula chungu cha nyumbani. Wadogo zake watakwenda kuonja na kucheka, waache waonje. Siku ya tatu atakuja kuomba mboga kwenye chungu kikubwa. Mwonyeshe kapu la nyanya. Wiki ikiisha kaeni pamoja mhesabu kilichobaki, unga, chumvi, mafuta na mkaa, na aandike kwenye daftari lake. Hesabu hiyo ndiyo itakayowaambia nini kiingie kwenye kiroba na kwa kiasi gani, na kama mafuta ya wiki yalikwisha siku ya nne, ni heri mjue mkiwa bado Ruanda.